Godoro la Dirishani

Kiroboto aliruka vizuri, akazunguka vizuri hewani, akaanguka vibaya. Ukumbi mzima ulisikia. Haukuwa ule mlio wa kiganja kupiga turubai, ambao watoto wa judo wameuzoea kama wengine walivyozoea kengele ya shule. Ulikuwa mlio mdogo, mkavu, kama kijiti kilichokanyagwa. Kisha ikafuata sauti ya mtoto mwenyewe.

"Mguu! Kocha, mguu wangu!"

Kocha alikuwa ameshapiga magoti pembeni yake. Aliutazama mguu, akatazama mahali ulipozama, na hakuhitaji kumuuliza mtu. Lilikuwa lile godoro la dirishani, na lile bonde lake.

Magodoro ya ukumbi ule hayakuwa ya kulalia. Yalikuwa mafupi, magumu, yameshindiliwa matambara na kuvikwa turubai, yakapangwa sakafuni ubavu kwa ubavu mpaka yakawa uwanja mmoja. Aliyeyashona ni baba yake Kocha, fundi magodoro, na aliyashona kwa ajili ya mkewe. Mkewe ndiye mtu wa kwanza kufundisha judo katika mji ule bila kuwa askari na bila kuwa mwanamume. Watu walimwita Mwalimu, hata waliomzidi umri. Alikufa mwaka uliotangulia, katika wodi ya watu wengi, juu ya godoro ambalo Fundi angeona haya kumuuzia mtu kwa mbwa wake.

Dirishani ndipo alipokuwa akisimama kuwaonyesha wanafunzi namna ya kuanguka. Miaka nenda miaka rudi, bega lilelile, nyonga ileile, mahali palepale. Magodoro mengine yote Fundi aliyageuza kila mwezi ili yasizame. Hilo moja Mwalimu alimkataza. "Niachie hilo," alimwambia, "mgongo wangu umeshapazoea." Basi likazama. Jioni, jua likiingia kwa chini, ungeinama ukaona kabisa mtu mdogo amelala ubavu, mkono mmoja ameunyoosha.

Mama yake Kiroboto, dobi wa mtaa wa nyuma, aliingia na mikono imelowa hadi kwenye viwiko.

"Nani kamvunja mwanangu?"

"Hajavunjika, mama," Kocha alisema. "Umeteguka tu. Tumeshaufunga."

"Tu? Umeteguka *tu*? Kesho ataenda shule kwa kichwa? Nilisema mimi! Mtoto wa kike mpeleke akajifunze cherehani. Sikusikilizwa. Akija mtu kumposa nimwambie nini, subiri kwanza akuonyeshe anavyorushwa?"

"Mama, lakini nilikuwa nimeshinda," Kiroboto alisema kati ya kwikwi mbili.

"Nyamaza wewe! Umeshinda nini? Umeshinda bandeji?"

Watoto wakacheka, na Kiroboto naye akacheka huku analia. Wangemalizana hapohapo kwa pole na kikombe cha chai. Lakini Katibu wa Chama cha Judo, ambaye ukimtafuta kwa shida yako haonekani mwezi mzima, siku hiyo alifika kabla machozi hayajakauka. Aliingia na mtu mwingine mnene, mwenye utepe wa kupimia. Katibu alilisukuma bonde kwa ncha ya kiatu.

"Viatu, Katibu," Kocha alisema.

Katibu akarudisha mguu nyuma kama aliyefanya hisani. "Hili ndilo tulilokuwa tukilisema. Usalama wa watoto. Jumamosi Mwenyekiti anakuja mwenyewe kukagua. Akikuta sakafu haiko sawa, ukumbi unafungwa."

"Magodoro mapya mliyomwahidi mama yangu yako wapi?"

"Yako njiani."

"Yako njiani tangu sijaota meno."

"Kocha, mimi natumwa. Jumamosi."

Yule mnene wakati huo alikuwa anapima upana wa mlango. Kocha alimuuliza ni nani, Katibu akasema ni mgeni tu. Mgeni huyo alikuwa na vumbi la saruji kwenye mikunjo ya masikio.

*

Nyumbani kwao walikuwa watatu: Fundi, binti yake Kocha, na Bibi mzaa mama, ambaye alikuja kumuuguza binti yake na baada ya maziko hakuna aliyemuuliza ataondoka lini. Meza ilikuwa na viti vinne. Kiti cha nne kiliwekewa nguo za kupiga pasi, ili kisikae kitupu.

Kocha aliwaeleza yote wakati wa kula. Fundi alisikiliza huku akitafuna polepole.

"Nitayajaza upya," alisema mwishoni. "Kesho naanza. Ijumaa yatakuwa kama yametoka dukani."

"Yote, Baba?"

"Yote, isipokuwa la dirishani."

"Baba, ndilo lililomtegua mtoto."

"Mwambie asisimame hapo. Ukumbi ni mkubwa."

"Mwenyekiti hatakuja kukagua mahali watoto wasiposimama. Atakwenda moja kwa moja pale. Katibu ameshamwonyesha yule mtu wa saruji mlango. Wanataka stoo, Baba. Wanatafuta sababu, na sisi tumewawekea sababu dirishani, tumeitunza, hatutaki iguswe."

Fundi aliweka kijiko chini. "Mwenyekiti! Unajua huyo Mwenyekiti ni nani? Alikuja kwa mama yako hajui hata kufunga mkanda. Makamasi yanamtoka. Mama yako ndiye aliyemfundisha. Siku ya mtihani wa mkanda mweusi, mama yako anahitaji mtu mmoja tu wa kumrusha mbele ya wale wazee. Mtu mmoja! Wakapatana ni yeye. Wakafanya mazoezi miezi. Siku yenyewe ikafika, bwana mkubwa anaumwa tumbo. Anaogopa kuonekana anarushwa na mwanamke. Wale wazee wakasema, mama, huna mwenza, hakuna mtihani. Mwaka uleule yeye akapewa mweusi. Mama yako amezikwa na kahawia."

"Najua, Baba. Umenisimulia."

"Basi nakusimulia tena."

"Hakuzikwa nao," Bibi alisema. "Mkanda uko msumarini."

"Mama, nawe! Nasema hivyo kwa maana ya kusema."

"Sema kwa maana ya kusaidia." Bibi alisukuma sahani yake. "Mtu mzima unagombania shimo."

Hapo Fundi alimgeukia mkwewe, na Kocha akajua kinachokuja, kwa sababu kilikuwa kimekaa mezani tangu msiba.

"Wewe Mama usiseme. La kitandani ulilitoa wewe."

Ilikuwa kweli. Kazi ya Fundi, ukiitazama sana, ilikuwa kufuta alama za watu. Watu humletea godoro limezama mahali pa mgongo wa babu, mahali pa mama aliyeugua muda mrefu, naye hulifumua, huyachambua yaliyomo, huyapiga kwa fimbo, hulirudisha bapa kama vile halijawahi kulaliwa. Amefanya hivyo maisha yake yote na hakuwahi kuwaza lolote zaidi ya uzi na vumbi. Kisha mkewe akafa. Wakati yeye amekaa nje na wanaume akipokea pole, Bibi, kwa kumhurumia, aliwaita vijana wawili, wakalibeba godoro la chumbani hadi karakana, likafumuliwa, likapigwa, likarudishwa na shuka safi. Fundi aliingia kulala siku ya matanga, akajitupa upande wa mkewe ili aingie katika bonde lake. Kitanda kikamkataa. Kilikuwa bapa kabisa. Kazi nzuri, isiyo na kasoro.

"Nilikufanyia wema," Bibi alisema.

"Najua."

"Nilidhani utapata usingizi."

"Najua, Mama. Ndiyo maana sijawahi kukutukana."

Kocha aliondoa sahani. Hakuna aliyegusa kile kiti cha nguo.

*

Asubuhi Fundi alivaa shati la kutokea akaenda ofisini kwa Mwenyekiti. Njia nzima alikuwa akiipanga sentensi moja. Aliipanga mpaka ikanyooka kama mshono: *Wewe ndiye uliyepaswa kurushwa siku ile, na kwa kuwa hukuja, utupe magodoro au utuache.* Aliirudia mbele ya geti. Aliirudia kwenye ngazi.

Karani wa mapokezi hakuinua kichwa. "Una miadi?"

"Mwambie ni mume wa Mwalimu."

"Mwalimu yupi? Walimu ni wengi."

"Wa judo."

"Wa judo ni wengi pia, mzee. Kaa pale."

Fundi alikaa kwenye benchi la mbao lisilo na mto. Watu waliokuja baada yake waliingia na kutoka. Mmoja alitoka akicheka na utepe wa kupimia mfukoni. Ukutani palikuwa na picha za Mwenyekiti: akikata utepe, akishikana mikono, akivishwa shada. Fundi alizitazama moja moja akimtafuta mkewe. Katika moja alipata mkono, kona ya chini, mkono mdogo umeshika sahani ya mikasi. Aliujua kwa kidole cha kati, kile kilichopinda tangu siku za ufagio.

Maana Mwalimu alianza kama mfagiaji. Alifagia ukumbi wa polisi, na kocha mgeni aliyeletwa kuwafundisha askari alimwona amesimama mlangoni na ufagio, akinakili miguu. Askari mmoja akikosekana, kocha alimwita yeye ajaze nafasi. Kazi yake ilikuwa kurushwa. Alirushwa na kila askari wa mji ule mpaka siku moja akakataa kwenda chini, na aliyekwenda chini akawa ni koplo. Mkataba wa kocha ulipokwisha, askari walirudi kwenye karata. Mfagiaji akabaki na funguo, na judo.

"Shemeji!" Mwenyekiti alimpokea kwa mikono miwili, kwa sauti inayosikika hadi nje. "Karibu, karibu. Mama yule alikuwa mama yetu sote. Nilitaka nije msibani, basi tu, kazi hizi."

Fundi alifungua mdomo. Sentensi yake ilikuwa pale, imenyooka.

"Kabla hujasema, Fundi," Mwenyekiti alisema, "kwa kuwa umefika, hebu nitazamie kiti changu hiki. Kimezama upande. Mgongo unaniua."

Akasimama, akapisha. Fundi, ambaye mikono yake haikuwahi kumsubiri, alikuwa ameshainama nyuma ya meza. Alibonyeza mto kwa kiganja.

"Kimechoka," alisema. "Kimekaliwa muda mrefu."

"Unaweza kukitengeneza?"

"Kilete."

"Unaona? Ndiyo maana tunawahitaji watu kama nyinyi." Mwenyekiti alikaa tena katika bonde lake. "Haya. Nikusaidie nini?"

Ile sentensi ilikuwa imekwenda. Ilidondoka hapo chini ya kiti na Fundi hakuwa na namna ya kuinama tena kuiokota.

"Tunaomba muda," alisema. "Wiki mbili hivi."

"Sheria ni sheria, Shemeji. Mtoto ameumia. Kesho akivunjika shingo, nitaulizwa mimi, si wewe. Sawazisheni sakafu, basi. Wewe ni fundi. Kwako hiyo ni kazi ya mchana mmoja."

Hilo ndilo lililomchoma Fundi njia nzima ya kurudi: kwamba lilikuwa kweli. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja.

*

Ijumaa mchana magodoro yote yalikuwa yamejazwa na kupigwa, isipokuwa moja. Kocha alikuwa shuleni akiwafundisha watoto wadogo mazoezi ya viungo, kazi iliyomlipa kiasi cha kununua bandeji. Ukumbi ulikuwa mtupu. Bibi aliingia na chupa ya chai, akamkuta mkwewe amelala kwa ubavu dirishani, magoti ameyakunja, mkono mmoja ameunyoosha. Hakuenea. Alikuwa mtu mrefu, na bonde lilikuwa la mtu mfupi.

"Umekufa?"

"Bado, Mama."

"Basi inuka unywe chai."

Fundi aliinuka akajipangusa, macho hakuyainua. Bibi alivua ndala, akazipanga mlangoni vidole vikielekea nje, kama binti yake alivyowalazimisha watu wote, hata mama yake mzazi. Alikuja akachuchumaa kwa taabu kando ya godoro. Aliweka kiganja pale penye bega. Akakipeleka taratibu mpaka nyonga, kama anayempaka mtoto mafuta.

"Alikuwa mwembamba tangu mdogo," alisema. "Nilidhani hatakua. Alikuwa anaruka kutoka ukutani. Namchapa, anapanda tena. Namuuliza, wewe unataka nini? Anasema, Mama, nataka kujua kwa nini chini kunauma."

"Akajua?"

"Nadhani alijua. Hakuniambia." Kiganja kilibaki pale. "Lile la kitandani, mkwe. Sikulitoa kwa ajili yako peke yako. Nilikuwa nikiingia kufagia chumba naliona. Ni mtoto wangu. Nisingeweza kuliona kila siku."

Fundi alimimina chai katika kifuniko cha chupa, akampa yeye kwanza.

"Hukusema."

"Ningesema nini? Wewe ndiye uliyekuwa unalia."

Walikunywa. Kisha Fundi akatoa shazia, ile sindano yake ndefu, pamoja na kisu kidogo, akaanza kufumua. Alikata uzi wa kwanza, wa pili. Turubai ilifunguka na harufu ikatoka, ya jasho kuukuu na sabuni. Bibi alikaa chini kabisa, akakunja mikono ya gauni.

"Nipe nichambue."

"Ni vumbi, Mama."

"Kwani nimetengenezwa na nini?"

Matambara yalitoka yameshikamana kama tofali. Ya juu yalikuwa makoti ya judo yaliyochakaa, makoti ya wanafunzi wa miaka yote, maana Mwalimu hakutupa kitu. Chini yake zikaja nguo za zamani zaidi. Fundi alivuta kipande cha buluu akakitazama sana.

"Hili shati langu."

"Hili ni nepi," Bibi alisema. "Ya Kocha hii. Nilizipinda mimi mwenyewe pindo."

"Lilikuwa godoro la kwanza. Tulipolijaza upya hatukuwa na kitu cha kujazia, tukatia nguo zote za kabatini." Fundi akacheka ghafla, kicheko kidogo cha puani. "Unajua nilivyolishona mara ya kwanza? Alikuja karakana sijamjua kwa jina. Akasema, fundi, nataka godoro la mtu kuangukia. Nikajiambia, huyu maskini ana ndugu mwenye kifafa. Nikalijaza pamba, laini, unazama mpaka masikioni. Nikaongeza na mto."

"Mto?"

"Mto, Mama. Wa bure. Akaja akalikanyaga, mguu ukazama, akapepesuka. Akanitazama hivi. Akasema, 'Fundi, umenitengenezea kitanda. Mimi nilitaka sakafu inayonipenda kidogo.'"

Bibi alicheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa ile nepi, akaona anachojifutia, akacheka tena. Baadaye hawakucheka. Walichambua tambara kwa tambara, na lile umbo lililokuwa dirishani miaka yote likawa chungu ya nguo kuukuu, kisha chungu mbili. Fundi alisimama akachukua fimbo. Alinyanyua mkono na mkono ukabaki juu.

"Piga," Bibi alisema. "Piga, mwanangu. Mimi siwezi."

Akapiga.

Kocha aliporudi, jua lilikuwa linaingia kwa chini. Alisimama mlangoni akatazama dirishani. Sakafu yote ilikuwa bapa, na mwanga ulipita juu yake bila kugota popote. Alitaka kusema asante. Aliwaona wazee wawili wamekaa wameegemea ukuta, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope kama watu waliotoka kusaga unga. Alivua viatu akaanza kufagia.

*

Mwenyekiti alichelewa, kama ilivyo desturi ya wakubwa, ili waliowahi wajione wao ndio wenye shida. Watoto walikuwa wamepanga mstari tangu asubuhi, makoti yamefuliwa. Kiroboto alikaa kwenye benchi na mguu wake juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mama yake alikuwa pembeni yake. Alisema amekuja kuhakikisha wanafunga ukumbi, lakini makoti yale meupe kwenye mstari alikuwa ameyafua yeye, na hakutoza.

Katibu aliingia wa kwanza, na mwenye saruji.

"Viatu," walisema watoto wote kwa pamoja.

Mwenyekiti alikuja nyuma. Yeye hakuambiwa na mtu. Aliinama kwa taabu, tumbo likamzuia, akavua viatu vyake vya ngozi, akavipanga mlangoni vidole vikielekea nje. Kisha, kabla ya kukanyaga turubai, aliinamisha kichwa. Labda hakujua kwamba ameinamisha. Fundi aliona, na hakupenda kwamba ameona.

Katibu alianza kupitapita akibonyeza kwa kisigino. Mwenyekiti alikatiza uwanja moja kwa moja mpaka dirishani. Akasimama. Akapapasa kwa unyayo, polepole, mbele, nyuma, kando, kama mtu aliyeamka gizani anatafuta ndala zake.

"Lilikuwa hapa," alisema.

"Lilikuwa hapo," Fundi alijibu.

"Limekwenda wapi?"

"Si mlisema liondoke?"

Unyayo wa Mwenyekiti uliendelea kutafuta, soksi moja ina tundu kwenye kidole gumba. Watoto walianza kutazamana.

"Alikuwa ananilaza hapahapa," alisema baadaye, kwa sauti ambayo haikuwa ile ya ofisini. "Namwambia, Mwalimu, naogopa. Ananiambia, ogopa tu, lakini kidevu..."

"Kifuani!" Kiroboto alimalizia kutoka kwenye benchi. "Kidevu kifuani, pumzi nje, mkono mbele!"

"Nyamaza wewe, wanaongea wakubwa," mama yake alisema.

Mwenyekiti aligeukia dirisha na kukaa hivyo, kana kwamba nje kulikuwa na kitu cha kutazama. Kulikuwa na ukuta. Alipogeuka tena uso wake ulikuwa umerudi mahali pake.

"Sakafu iko sawa. Katibu, ukumbi ni salama."

"Mkubwa," mwenye saruji alisema, "lakini tulishakubal..."

"Nimesema ni salama. Mzigo wako utafute pengine."

Watoto walipiga turubai kwa viganja, wote, mlio mmoja mkubwa. Bibi aliziba masikio huku anacheka. Fundi hakucheka na hakumshukuru mtu. Mkewe alikuwa amewajengea mji kitu kwa mgongo wake mwenyewe, na leo watu hawa wanapewa makofi kwa sababu tu hawakukichukua.

Mlangoni, akivaa viatu, Mwenyekiti alimshika bega. "Na ule mkanda wake, Fundi. Mweusi. Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo. Tutalishughulikia."

"Lishughulikieni," Fundi alisema. "Mwenyewe hana haraka tena."

Mwenyekiti aliondoa mkono. Alitaka kusema jambo, labda lile la tumbo kuuma siku ile, lakini Katibu alikuwa ameshafungua mlango wa gari.

*

Mazoezi yalianza. Fundi alikaa kwenye benchi kati ya Bibi na yule dobi, ambaye sasa alikuwa akiuliza kama mguu ukipona mtoto anaweza kurudi wiki ijayo au aje tu kutazama. Turubai ilikuwa imevutwa barabara. Kila mtoto aliyeanguka alitoa mlio safi. Ilikuwa kazi nzuri, isiyo na kasoro, na Fundi aliichukia yote, kutoka ukuta hadi ukuta. Macho yake yalikwenda dirishani, yakateleza, yakarudi, yakakosa mahali pa kushika.

Kulikuwa na mwanafunzi mpya, msichana mkubwa kidogo, mwenye hofu. Kocha alimshika mkono akamtoa katikati ya uwanja, akatafuta mahali penye mwanga wa kutosha ili aone vizuri, na bila kuwaza akaenda kusimama dirishani.

"Nitazame mimi kwanza," alimwambia. "Usitazame chini. Chini hakukimbii."

Akaanguka. Bega, nyonga, mkono. Akainuka, akaanguka tena. Bega lilelile.

Bibi alimgusa Fundi kwa kiwiko. Fundi alikuwa ameona.

Walipopumzika, Kocha alimjia baba yake, anahema, anajifuta jasho kwa mkono wa koti.

"Baba, limekaa vizuri sana. Sasa na lenyewe tuliingize kwenye zamu, sivyo? Tuligeuze kila mwezi pamoja na mengine."

Hilo ndilo fundi yeyote angemwambia mteja wake yeyote, na Fundi alikuwa ameliambia jiji zima. Alikuwa anakunja uzi uliobaki kidoleni. Alimtazama binti yake, aliyekuwa mrefu kama yeye, mrefu kuliko mama yake, ambaye umbo lake halingefanana hata kidogo na lile lililokuwapo.

"Hilo usiligeuze," alisema.

"Litazama, Baba."

"Liache lizame."

"Na wakija tena kukagua?"

Fundi alichomeka shazia kwenye ukosi wa shati, mahali anapoiweka siku zote akiwa na kazi mbele yake.

"Waje."